Bahari na Mto Wetu: Namna ya Kuusoma Utabiri wa Msimu

Maelezo yaliyotolewa kwa wananchi wa Berega, Wilaya ya Kilosa



Mara ya kwanza tulipofika hapa tulikuja na karatasi. Juu yake palikuwa na sentensi moja yenye herufi nene: "El Niño inakuja, jiandaeni kwa mafuriko." Tuliisoma kwa sauti, tukadhani tumemaliza kazi. Ndipo mama mmoja, mwenye mtoto mgongoni, akanyoosha mkono akasema: "Wanangu, mto huu hujaa usiku ambao hapa kwetu halijadondoka hata tone. Na mwaka mwingine mnatuambia hiyo El Niño, tunapanda mpunga bondeni, jua linaukausha. Hiyo bahari mnayoisema inaujuaje mto wetu?" Hatukuwa na jibu la kuridhisha. Tulisema maneno mengi, tukaondoka. Maelezo ya leo ni deni la siku ile, na mama huyo tumemwona amekaa pale nyuma.

Tuanze na mipaka ya kazi yetu. Sisi ni wadhibiti wa huduma, hatutabiri mvua. Jukumu hilo ni la Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019, na taarifa rasmi za mvua na tahadhari za hali mbaya ya hewa hutoka kwake. Lakini utabiri nao ni huduma. Umegharimiwa kwa kodi yenu, nanyi mnaulipia tena kila mnapoufuata: kwa fedha ya mbegu, kwa siku za jembe, kwa uamuzi wa kuhama bondeni au kubaki. Mlaji anayenunua unga husoma uzito ulioandikwa kwenye mfuko. Anayepokea utabiri naye ana haki ya kujua ndani yake mna nini, na hamna nini.

Sasa bahari. Sufuria ikiwa motoni, mvuke hupanda pale penye moto mwingi zaidi. Bahari hufanya vivyo hivyo. Mahali ambapo maji ya juu yana joto kubwa, hewa iliyobeba unyevu hupanda, hupoa ikiwa juu, na unyevu hugeuka mawingu na mvua. Hewa iliyopanda mahali pamoja haina budi kushuka mahali pengine, na inaposhuka huzuia mawingu kujengeka. Kwa hiyo joto la bahari likihama, mvua huhama pamoja nalo, na ukame huhama pia.

Bahari ya Pasifiki ndiyo kubwa kuliko zote. Katika hali ya kawaida, pepo zivumazo kutoka mashariki huyasukuma maji yake ya moto kuelekea Indonesia, na kwenye pwani ya Peru maji ya baridi hupanda kutoka kilindini. Kila baada ya miaka miwili hadi saba hivi, pepo hizo hulegea na maji ya moto husambaa kurudi mashariki. Wavuvi wa Peru, walioliona joto hilo likija karibu na Krismasi, walilipa jina la Mtoto, yaani Mtoto Yesu. Kwa Kihispania ndiyo El Niño. Pepo zikizidi nguvu na maji ya katikati ya Pasifiki yakapoa kupita kawaida, hali hiyo huitwa La Niña, mtoto wa kike. Wataalamu huanza kuyataja majina hayo joto la eneo hilo la kati linapopanda au kushuka kwa nusu ya nyuzijoto kupita wastani, na likadumu hivyo kwa miezi kadhaa. Nusu nyuzi ndani ya kikombe cha chai ulimi hauwezi kuitambua. Ikitandazwa juu ya maelfu ya kilomita za bahari, huhamisha mvua za mabara.

Karatasi yetu ya kwanza ilikomea hapo, na hapo ndipo ilipokosea. Kati ya Pasifiki na Berega ipo bahari nyingine, nayo ndiyo iliyo karibu nasi.

Bahari ya Hindi ina mizani yake. Upande mmoja ni maji ya pwani ya Afrika Mashariki. Upande wa pili ni maji ya Sumatra na Java. Kwa kawaida upande wa Sumatra ndio wenye joto zaidi. Hewa hupanda kule, na sehemu yake hushukia huku. Hii ni sababu mojawapo inayofanya nchi zetu ziwe kavu kuliko nchi nyingine zilizo karibu na Ikweta, kama Kongo au Indonesia yenyewe. Lakini miaka fulani mizani hupinduka: maji ya Sumatra hupoa, maji ya upande wetu hupata joto, na upepo wa juu ya bahari hugeuka ukaleta unyevu kwetu. Wataalamu huiita hali hii daipoli ya Bahari ya Hindi. Ilipewa jina hilo mwaka 1999 katika utafiti uliofanywa nchini Japani, ingawa bahari yenyewe ilikuwa ikifanya hivyo tangu zamani. Joto likielemea upande wetu, wao husema daipoli ni chanya. Likielemea Sumatra kupita kawaida, husema ni hasi. (Majina haya yanapotosha kidogo. Kwa aliyejenga kando ya mto, "chanya" si habari njema hata kidogo.)

Mizani hii ina majira yake. Huanza kuonekana mwezi Mei au Juni wakati wa kusi, hupata nguvu kati ya Septemba na Novemba, na kaskazi ikishashika mwezi Desemba kwa kawaida hufifia. Mguso wake mkubwa basi ni katika vuli, yaani Oktoba hadi Desemba. Masika, Machi hadi Mei, hayaifuati sana Pasifiki wala mizani hiyo ya Bahari ya Hindi, na ndiyo maana kuyatabiri mapema ni kazi ngumu zaidi. Yuko atakayewaambia mwezi wa tisa kwamba masika ya mwaka ujao yatakuwa makubwa kwa sababu ya El Niño. Huyo anauza kitu ambacho hanacho ghalani.

Tuipime kauli hii kwa miaka ambayo wazee waliopo hapa wanaikumbuka. Mwishoni mwa mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, mvua zilinyesha Afrika Mashariki kwa kiasi kisichokuwa cha kawaida. Kati ya mwaka huo na 1964 Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2. Pasifiki haikuwa na El Niño mwaka 1961. Kilichokuwapo ni Bahari ya Hindi kupinduka. Mwaka 1997 vitu viwili vilikutana: El Niño kubwa sana, na daipoli chanya yenye nguvu. Barabara na reli zilikatika nchi nzima, na tangu hapo neno "elinino" likaingia katika Kiswahili cha kila siku, hata likawa jina la mvua yoyote kubwa. Kisha likaja jaribio la mwaka 2015. El Niño ya mwaka ule ilikuwa miongoni mwa kubwa kuliko zote zilizowahi kupimwa, tukaambiwa tujiandae. Lakini Bahari ya Hindi haikupinduka kwa nguvu kama ya 1997, na vuli ya hapa haikuifikia ya mwaka ule. Wako waliowacheka watabiri. Mwaka 2019 ikawa kinyume chake: hapakuwa na El Niño ya maana, bali daipoli chanya mojawapo ya zile zenye nguvu kupita zote katika kumbukumbu. Mvua hazikukoma vizuri hadi mwaka uliofuata, na Mei 2020 Ziwa Victoria likakivuka kimo cha 1964. Mwaka 2023 viwili vilikutana tena. TMA ilitoa tahadhari mapema, na Desemba ya mwaka ule tope lililoteremka kutoka Mlima Hanang liliua makumi ya watu.

Kwa hiyo, mama yetu, sehemu ya kwanza ya jibu ni hii. Ukisikia "El Niño", uliza: Bahari ya Hindi nayo inasemaje? Taarifa kamili ya TMA hueleza bahari zote mbili. Taarifa inayotaja moja tu, kama ile karatasi yetu, ni nusu ya taarifa.

Sehemu ya pili ni mto wenyewe, na hapa tunakiri kwamba ninyi mnajua mengi kuliko sisi.

Kilosa imekaa kwenye mpaka wa namna mbili za mvua. Kaskazini mwa Mkoa wa Morogoro huhesabiwa pamoja na maeneo yenye vuli na masika. Jirani zetu wa Dodoma wana msimu mmoja, unaoanza Novemba hadi Aprili. Maji, hata hivyo, hayajui mpaka wa mkoa. Kinyasungwe huanzia Dodoma, hupita Mpwapwa, hushuka kwenye bonde jembamba linalofuatwa na Reli ya Kati, na huingia Mkondoa. Mkondoa hupita mjini Kilosa na kuelekea tambarare ya Mkata, kisha maji hayo yote huwa Mto Wami, unaomwaga baharini karibu na Saadani. Mito inayoteremka kutoka milima ya Ukaguru, iliyo juu yenu hapa, nayo huishia katika Wami huohuo. Mvua ya jioni iliyonyesha milimani au Mpwapwa hufika chini saa nyingi baadaye, usiku, penye nyota tupu. Ndiyo maana mto hujaa bila wingu. Anayelala kando yake akitazama anga lake mwenyewe anatazama anga lisilohusika.

Mfano ulio hai ni mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010. Mkondoa ulivunja tuta linaloukinga mji wa Kilosa, tuta lililojengwa tangu enzi za wakoloni. Maelfu ya watu walipoteza nyumba wakahamia kwenye mahema, na reli kati ya Kilosa na Gulwe ikaharibika hata safari za treni zikasimama kwa miezi. Huo ulikuwa mwaka wa El Niño. Lakini Januari 2014 mafuriko yalipoikata barabara kuu ya Morogoro na Dodoma pale Dumila, yakaingia Magole na vijiji vya jirani, hapakuwa na El Niño wala La Niña. Bahari ilikuwa katika hali ya kawaida. Mvua kubwa ya siku chache katika miinuko, juu ya udongo uliokwisha kulowa, ilitosha.

Bahari hupanga uwezekano wa msimu mzima. Mafuriko hupangwa na siku mbili au tatu, na hali ya ardhi ambayo maji yameikuta. Mlima uliovuliwa miti hauyashiki maji. Korongo lililojaa mchanga halina nafasi ya kuyapitisha. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Tunajua bustani za mboga zilizo ndani ya mita 6, na tunajua pia kwamba ndiko kwenye unyevu wakati wa kiangazi. Hatukuja kugombeza. Tunasema tu kwamba gharama ya bustani hiyo ihesabiwe pamoja na mwaka mmoja wa kuipoteza yote.

Sasa tuifungue karatasi ya utabiri. TMA hutoa mwelekeo wa vuli kabla ya Oktoba, wa msimu mmoja mwezi Oktoba hivi, na wa masika kabla ya Machi. Ndani yake mtakuta maneno matatu: chini ya wastani, wastani, na juu ya wastani. Wastani ni kiasi cha kawaida cha mvua ya eneo lenu kilichopimwa kwa miaka mingi. Mvua iliyo kati ya asilimia 75 na 125 ya kiasi hicho huhesabiwa kuwa ya wastani. Inayopungua hapo ni chini, inayozidi ni juu. "Juu ya wastani" basi si tangazo la mafuriko Berega. Ni kauli juu ya jumla ya miezi mitatu katika eneo linaloweza kuchukua wilaya kadhaa. Jumla hiyo inaweza kuja taratibu ikalea mahindi, na inaweza kuja kwa siku 4 ikaondoka na mahindi hayo. Vilevile "chini ya wastani" inaweza kuwa na siku moja ya gharika katikati yake.

Kwa hiyo taarifa ya msimu ifaeni katika mambo ya msimu: aina ya mbegu, ukubwa wa shamba la bondeni na la juu, akiba ya chakula. Mkiambiwa vuli itakuwa haba, mbegu ya muda mfupi na mtama kwenye sehemu ya shamba ni uamuzi wenye hesabu. Nunueni mbegu yenye lebo ya TOSCI, ombeni risiti, na itunzeni pamoja na mfuko wenyewe hadi mavuno, maana bila hivyo malalamiko yenu hayatakuwa na miguu. Jihadharini na mbegu iitwayo "ya El Niño". Hakuna mbegu ya namna hiyo. Lipo jina linalouzika.

Kwa usalama wa usiku huu, taarifa ya msimu haitoshi. Inayohitajika ni ya siku 5, ambayo TMA huitoa kila siku kwa rangi: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Na msisikilize inayohusu Morogoro peke yake. Sikilizeni ya Dodoma, kwa kuwa huko ndiko yanakoanzia maji ya Kilosa. Ujumbe unaozunguka kwenye simu bila jina la aliyeutoa wala tarehe usipelekwe kwa jirani. Mjamzito anayetakiwa kuvuka mto kuja hospitali ya misheni hapa Berega, siku zake zikikaribia wakati wa tahadhari, na avuke mapema akae kwa ndugu. Mto uliofika magotini ukiwa na kasi humwangusha mtu mzima, na pikipiki yenye abiria wawili haina nguvu kuliko mtu huyo.

Upande wa ukame, bahari huja kimya zaidi. Daipoli hasi ikikutana na La Niña, vuli hupungua au hukosekana kabisa. Ilikuwa hivyo mwaka 2022, wakati La Niña ilipokuwa katika mwaka wake wa tatu mfululizo: Oktoba ile Mto Ruvu ulipungua hata Dar es Salaam ikaingia katika mgawo wa maji. Ruvu na Wami zinasimamiwa na bodi moja ya bonde, yenye makao yake Morogoro, kwa hiyo msidhani habari ile ilikuwa ya watu wa mjini. Ukame wa mwaka 2006 uliyapunguza mabwawa ya umeme, Mtera likiwamo, nchi ikawa gizani kwa zamu. Mwaka 2011 mgawo ukarudi. Hata mwenye LUKU, basi, ana sababu ya kuuliza habari za Sumatra.

Hapa Berega ukame huonekana mtoni, pale mnapochimba visima vya mchangani, kila wiki kina kikiongezeka. Tunasisitiza jambo moja la haki. Utabiri wa vuli chini ya wastani ukishatolewa, jumuiya ya watumia maji inapaswa kuulizwa mkutanoni, kabla kiangazi hakijakaza: pampu imekaguliwa lini, akiba ya fedha za matengenezo ni kiasi gani, na bei ya ndoo itabaki ileile au itapanda, kwa idhini ya nani. Bei iandikwe ubaoni pale kituoni. Tumeona katika vijiji vingine bei ikipanda siku ileile ambayo pampu ya jirani imeharibika, na hakuna aliyejua imepangwa na nani. Mafuriko nayo yakishapita, maji ya kisima kilichofunikwa na mto yasinywewe kabla ya kuchemshwa au kutiwa dawa, hata yakionekana meupe.

Tumeacha mengi. Hatukugusa vimbunga, kama Hidaya iliyofika pwani yetu mwezi Mei 2024, nje kabisa ya majira ambayo mizani ya Bahari ya Hindi hutawala. Wala hatukueleza jinsi joto la jumla la dunia linavyoongeza unyevu unaobebwa na hewa, na hivyo kuikuza mvua kubwa inaponyesha. Hayo yana siku yake.

Tuna ombi kabla ya maswali. Wazee wanaokumbuka mto ulifika wapi mwaka 1997 na mwaka 2014 tunawaomba baada ya mkutano huu twende nao ukingoni, watuonyeshe mti au jiwe. Tumekuja na rangi ya kuweka alama. TMA haina kipimo katika kila korongo, na alama hizo zitamsaidia anayetaka kujenga kujua asimame wapi.

Sasa tunakaribisha maswali. Tuanze na mama aliye pale nyuma.